Je, Wajua? Picha Inavyozuiwa Bila Kutumwa

Je, wajua kwamba picha yako ya faragha inaweza kuzuiwa isipande Facebook, Instagram wala TikTok bila wewe kumtumia mtu yeyote wa kampuni hizo? Mfumo unaofanya kazi hiyo, StopNCII, ulizinduliwa Desemba 2021. Unaendeshwa na SWGfL, shirika la hisani la Uingereza ambalo tangu 2015 lina kituo cha kuwasaidia watu waliosambaziwa picha zao kwa kisasi. Huduma ni bure, na aliye Mbagala au Kisauni anaingia sawasawa na aliye London. Masharti ni machache: uwe na miaka 18 au zaidi, uwe wewe ndiye uliyemo kwenye picha, na uwe nayo picha hiyo kwenye simu au kompyuta yako.

Je, wajua kwamba simu yako yenyewe ndiyo inayofanya kazi yote? Hapa tukae kidogo, kwa sababu hofu ya wengi iko hapa: nitampaje mgeni picha ambayo sitaki hata rafiki yangu aione? Humpi. Ukishachagua picha, simu inaichakata hapohapo mkononi mwako. Kwanza inaondoa rangi, ubaki mwanga na giza. Kisha inaisinyaza mpaka iwe mraba mdogo wa nukta 64 kwa 64. Mraba huo unapigiwa hesabu ya kutafuta namna mwanga unavyopanda na kushuka kutoka upande mmoja wa picha hadi mwingine, na majibu yanapangwa kwenye mraba mwingine wa namba, 16 kwa 16. Kila namba inapimwa kwa swali moja tu: iko juu ya namba ya katikati, au chini yake? Juu inaandikwa moja, chini inaandikwa sifuri. Kumi na sita mara kumi na sita ni 256, basi picha nzima sasa ni mfululizo wa moja na sifuri 256, ambao kwa kifupi unaandikika kwa herufi na tarakimu 64. Mfululizo huo huitwa heshi, na ndio pekee unaoondoka kwenye simu yako. Unafanana na alama ya dole gumba: unatosha kumtambua mwenyewe akipita, lakini huwezi kuchukua alama hiyo ukachora sura yake.

Je, wajua kwamba kuibana picha au kuipunguza ukubwa hakuidanganyi heshi ya aina hii? Facebook walioitengeneza na kuiweka wazi kwa kila mtu mnamo Agosti 2019, kwa jina la PDQ, wanashauri kwamba heshi mbili zikipishana kwa nafasi zisizozidi 31 kati ya 256, zihesabiwe kuwa ni picha ileile. Ndiyo maana picha iliyopita kwenye simu kumi na kupoteza ubora wake kila ilipotumwa bado inatambulika.

Ila msambazaji akiikata kipande kikubwa, au akaigeuza kushoto kuwa kulia, inaweza kupenya. Na kwa video, StopNCII ilianza na heshi ya aina nyingine, MD5, ambayo haisamehe hata chembe: ondoa sekunde moja mwanzoni, heshi nzima inabadilika. Tuliseme hili mapema ili asije mtu akadhani kuna dawa ya mara moja.

Je, wajua kwamba babu wa teknolojia hii alizaliwa kwa ajili ya watoto? Mwaka 2009 kampuni ya Microsoft, pamoja na Profesa Hany Farid aliyekuwa Chuo cha Dartmouth, walitengeneza PhotoDNA ili kunasa picha za watoto waliodhalilishwa kingono. Kabla ya hapo, picha moja ya mtoto ilikuwa ikiondolewa leo na kurudi kesho, na kila ikirudi lazima mtu aitazame upya ili athibitishe. PhotoDNA ilikata mzunguko huo. Microsoft iliitoa bure kwa kituo cha Marekani cha watoto waliopotea na kunyanyaswa, NCMEC, na leo kampuni nyingi kubwa za intaneti zinaitumia.

Je, wajua kwamba Facebook iliwahi kuwaomba watu watume picha zao za utupu? Ilikuwa Novemba 2017, kwenye majaribio yaliyofanyika Australia kwa kushirikiana na ofisi ya serikali ya usalama mtandaoni. Nia ilikuwa njema: mtu anatuma picha anayoogopa itavuja, mfanyakazi aliyefunzwa anaitazama, heshi inatengenezwa, picha inafutwa. Watu walikuja juu, na walikuwa na haki. Aliyekwisha kusalitiwa na mtu aliyemwamini huwezi kumwambia amwamini mtu mwingine asiyemjua. StopNCII ilipokuja miaka minne baadaye, picha haikutakiwa tena kuondoka kwa mwenyewe. Kwangu mimi huu ndio ufundi mkubwa kuliko hesabu zote zilizomo ndani yake, kwamba wahandisi walikubali kuanza na hofu ya aliyeumizwa.

Je, wajua kwamba mfumo huu hauulizi kama picha ni ya kweli au ya kutengenezwa? Picha iliyopigwa chumbani na picha iliyobandikwa sura kwa akili unde zinapita mlango mmoja. Hivi ndivyo inavyopaswa kuwa, na hivi ndivyo sisi pia tungepaswa kufikiri. Picha ya dada wa watu ikivuma kwenye grupu, mjadala wa kwanza huwa ni "ni yeye kweli?" Watu wanakuza picha, wanalinganisha kovu, pazia, kucha. Wakati wote huo yeye anazidi kutazamwa. Swali lenye maana ni kama aliridhia, na jibu lake halihitaji mtu kukuza chochote.

Je, wajua dipufeki, yaani picha na video zilizobandikwa sura kwa akili unde, zilitokea wapi? Mwishoni mwa 2017 mtumiaji mmoja wa Reddit aliyejiita "deepfakes" alianza kupandisha video za ngono zilizobandikwa sura za waigizaji maarufu wa kike. Reddit ililifunga jukwaa hilo Februari 2018, lakini programu ilikuwa imeshasambaa. Kwa hiyo teknolojia hii haikuanzia kwenye siasa ndipo ikateremkia kwa wanawake. Ilianzia kwa wanawake.

Na je, wajua kwamba takwimu ziliwahi kulithibitisha hilo? Mwaka 2019 kampuni ya Deeptrace ya Amsterdam ilihesabu dipufeki 14,678 mtandaoni. Asilimia 96 zilikuwa za ngono zisizo na ridhaa. Mwaka huo vyombo vya habari duniani vilikuwa vikijadili zaidi hatari ya marais kuwekewa maneno mdomoni.

Je, wajua kwamba mwandishi wa habari wa India, Rana Ayyub, alishambuliwa kwa video ya namna hiyo Aprili 2018? Ilizunguka WhatsApp nchi nzima kwa muda mfupi, muda ambao alikuwa akisema wazi kuhusu kesi ya mtoto aliyebakwa. Wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa waliitaka India imlinde. Yeye mwenyewe aliandika baadaye kwamba baada ya tukio hilo alianza kuwa mwangalifu mno kwa kila anachokiweka mtandaoni. Watengenezaji walitaka hasa hilo: anyamaze. Kila mwanamke wa kwetu anayegombea udiwani, anayesoma taarifa ya habari au anayeongoza chama cha wafanyakazi anapaswa kujua kwamba silaha hii ina historia, na kwamba akitupiwa si kwa sababu ya tabia yake.

Je, wajua kwamba hata utajiri hauzuii? Januari 2024 picha za kutengenezwa za mwanamuziki Taylor Swift zilisambaa kwenye X, na posti moja tu ilitazamwa mara milioni 47 kabla haijaondolewa. Ilibidi X izuie kwa siku kadhaa utafutaji wa jina lake. Msichana wa kidato cha nne hana mashabiki milioni mia wa kumtetea, wala mawakili.

Je, wajua kwamba macho yako hayafai kwa kazi ya kutambua sura feki? Sophie Nightingale na Hany Farid walichapisha utafiti mwaka 2022: watu walioonyeshwa sura halisi na sura zilizotengenezwa na kompyuta walipatia kwa asilimia 48.2. Kurusha sarafu kungewapa 50. Zaidi ya hapo, sura za kompyuta zilionekana kuaminika zaidi kidogo kuliko za binadamu. Kwa hiyo anayejigamba kwenye grupu kwamba yeye "anajua AI ikiwa AI", asikilizwe kwa tahadhari.

Je, wajua kwamba kupepesa macho kuliwahi kuwa mtego? Mwaka 2018 Profesa Siwei Lyu na wenzake wa Albany, New York, waligundua kwamba watu wa kwenye dipufeki karibu hawapepesi, kwa sababu programu zilijifunza kutoka kwenye picha za watu waliofumbua macho. Haukupita muda, waghushi wakaanza kuwafundisha kupepesa.

Je, wajua kwamba Intel ilijaribu kutafuta mapigo ya moyo? FakeCatcher, iliyotangazwa Novemba 2022, inapima mabadiliko madogo ya rangi ya ngozi usoni damu inapopita, jambo ambalo jicho halilioni lakini kamera inalinasa. Intel ilidai inapatia kwa asilimia 96.

Hata hivyo madai ya maabara na hali ya mtaani ni vitu viwili. Facebook iliandaa shindano la kutambua dipufeki lililomalizika 2020, lenye zawadi za dola milioni moja na washiriki zaidi ya 2,000. Programu iliyoshinda ilipopewa video ambazo haikuwahi kuziona, ilipatia kwa takriban asilimia 65. Ndiyo sababu nayapa uzito mdogo matangazo ya programu za "kutambua feki kwa uhakika". Kwa mwandishi wa habari zina msaada. Kwa binti ambaye picha yake iko kwenye simu za darasa zima, cheti kinachosema ni feki kinafika wakati kila mtu ameshatazama.

Je, wajua kuhusu njia ya kinyume, ya kuithibitisha picha halisi badala ya kuikamata ya uongo? Februari 2021 Adobe, Arm, BBC, Intel, Microsoft na Truepic waliunda C2PA, utaratibu wa kuipa picha saini ya kidijitali tangu inapopigwa, ikionyesha ilitoka kwenye kifaa gani na imehaririwaje. Leica M11-P ya Oktoba 2023 ilikuwa kamera ya kwanza kutoka kiwandani ikiwa na saini hiyo. Google nao, Agosti 2023, walileta SynthID, alama isiyoonekana inayowekwa ndani ya picha zinazotengenezwa na akili unde yao. Ni kazi nzuri kwa habari na uchaguzi. Lakini mtu anayetengeneza picha ya kumdhalilisha jirani yake hatumii programu inayotia alama.

Je, wajua kwamba watafiti wa MIT walitengeneza kinga ya picha mwaka 2023? Inaitwa PhotoGuard. Inaongeza kwenye picha mabadiliko madogo yasiyoonekana kwa macho, na akili unde ikijaribu kuihariri inatoa kitu kilichoharibika. Bado ni ya maabara kuliko ya mtaani.

Je, wajua kwamba picha za uhalifu zimewahi kukutwa ndani ya chakula cha akili unde yenyewe? Desemba 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliichunguza LAION-5B, hazina ya viungo vya picha zaidi ya bilioni tano iliyotumika kufundishia programu maarufu za kutengeneza picha. Walikuta zaidi ya picha 3,000 zilizoshukiwa kuwa za unyanyasaji wa kingono wa watoto. Na waliwezaje bila kuzitazama, maana kuzitazama ni kosa? Kwa heshi za PhotoDNA. Hazina hiyo iliondolewa, ikarudishwa Agosti 2024 baada ya kusafishwa.

Je, wajua kwamba programu za "kuvua nguo" picha za watu ni biashara kubwa? Agosti 2024 mwanasheria wa jiji la San Francisco, David Chiu, alizishtaki tovuti 16 za aina hiyo kwa mpigo. Katika miezi sita ya kwanza ya mwaka huo zilikuwa zimetembelewa zaidi ya mara milioni 200. Mtu anaweka picha ya kawaida, ya sare ya shule au ya harusini, analipa, anapewa picha ya utupu ambayo haijawahi kuwepo. Kwa hiyo ule ushauri wa siku zote, "usipige picha za utupu, hazitavuja", umepitwa na wakati. Siku hizi wanaathirika na wasiowahi kupiga.

Je, wajua kwamba wakati mwingine pesa hufanya kazi kuliko teknolojia? Desemba 2020, baada ya makala ya Nicholas Kristof kwenye gazeti la New York Times kuhusu video za watoto na za kubaka zilizokuwa Pornhub, Visa na Mastercard zilisitisha malipo kwenye tovuti hiyo. Ndani ya siku chache Pornhub ilitoa mamilioni ya video za watu wasiothibitishwa, sehemu kubwa ya kila ilichokuwa nacho. Na Mei 2025, Mr. Deepfakes, tovuti iliyokuwa kubwa kuliko zote za dipufeki za ngono, ilifungwa baada ya kampuni moja muhimu iliyokuwa ikiihudumia kujiondoa. Miaka mingi waathirika waliomba waziwazi tovuti hizo ziwahurumie. Zilizoweza kuzibana zilikuwa kampuni za kadi na za huduma, siku zilipoamua.

Je, wajua kwamba kwenye WhatsApp hakuna heshi inayokagua unachomtumia mwenzako? Ujumbe umefungwa kuanzia simu ya mtumaji hadi ya mpokeaji, na ulinzi huo ni wa thamani kwa kila mtu, pamoja na mwanamke anayemkimbia mume mkatili. Lakini matokeo yake ni kwamba kwenye grupu, mlinzi ni watu waliomo. Telegram ni habari nyingine: magrupu na chaneli zake hazijafungwa kwa namna hiyo, na wenye mtandao wanaweza kuziona na kuzifuta wakitaka.

Hapa ndipo wasemaji wa Kiswahili tulipo hasa. Jina la mtu likianza kuvuma usiku, chini ya kila posti utakuta foleni ya wanaotaka video yenyewe: "Naomba koneksheni." "Koneksheni inbox." "Wakuu msaada wa koneksheni." Mwingine anaweka kiungo cha Telegram, anataka umfuate kwanza, au ulipie elfu mbili uingizwe kwenye chaneli. Wanaoandika hivyo ni watu wenye majina yao na picha zao za wasifu, wengine wamebeba watoto. Hawaoni kama wao ni sehemu ya uhalifu, lakini bila foleni hiyo, mwenye chaneli asingekuwa na cha kuuza. Programu zote nilizozitaja hapo juu zinapunguza njia za kusambaza. Hakuna hata moja inayopunguza hamu ya kutazama, na mzigo huo ni wetu.

Je, wajua kwamba Bing, mtambo wa utafutaji wa Microsoft, inatumia heshi za StopNCII kwenye utafutaji wa picha? Microsoft ilitangaza Septemba 2024 kwamba kufikia mwisho wa Agosti ilikuwa imechukua hatua dhidi ya picha 268,899. Google kwa upande wake ina fomu ya kuomba picha za faragha ziondolewe kwenye matokeo ya utafutaji tangu 2015, na Julai 2024 iliongeza jambo muhimu: ombi likikubaliwa, nakala nyingine za picha hiyohiyo zinasakwa na kuondolewa pia. Picha bado itakuwa kwenye tovuti ilikopandishwa, lakini mwajiri anayetafuta jina lako hatakutana nayo.

Je, wajua kwamba jijini Seoul akili unde inatumika upande wa waathirika? Tangu Machi 2023 kituo cha jiji hilo kinaitumia kusaka video mtandaoni, na kazi iliyokuwa ikimchukua mfanyakazi hadi saa mbili sasa inachukua takriban dakika 3. Faida ya pili ni kubwa vilevile: wafanyakazi hawalazimiki kutazama siku nzima mateso ya watu.

Korea Kusini ilikwenda mbali zaidi Septemba 2024. Bunge lake lilipitisha sheria inayomfunga hadi miaka mitatu hata anayemiliki au kutazama tu dipufeki ya ngono.

Je, wajua kwamba nchini Australia tovuti ikipewa amri ya kuondoa picha ya faragha ina saa 24 tu? Septemba 2025 mahakama ya huko ilimtoza mwanamume mmoja dola za Australia 343,500 kwa kupandisha dipufeki za wanawake mashuhuri wa nchi hiyo. Uingereza nayo, kwa England na Wales, tangu 31 Januari 2024 imefanya kusambaza picha ya faragha bila ridhaa kuwa kosa hata kama ni ya kutengenezwa, na mshtaki halazimiki tena kuthibitisha kwamba msambazaji alikusudia kuumiza. "Nilikuwa natania" si utetezi.

Je, wajua sheria ya Kenya inasemaje? Kifungu cha 37 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 kinamhusu anayetuma, kuchapisha au kusambaza picha ya faragha ya mtu mwingine: faini isiyozidi shilingi 200,000, au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote. Kuna na mlango wa pili ambao wengi hawaujui, Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Mwaka 2023 ofisi ya kamishna wa data iliitoza klabu moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja wake bila ridhaa. Haikuwa picha ya utupu. Ilikuwa picha ya mtu aliyekwenda kustarehe.

Na Tanzania? Kifungu cha 14 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinaadhibu kuchapisha ponografia, na adhabu si ndogo: faini isiyopungua shilingi milioni 20, au kifungo kisichopungua miaka saba, au vyote. Tatizo langu na kifungu hiki ni kwamba kinatazama maudhui, hakitazami ridhaa. Mbele yake, aliyevujishiwa anaogopa kwenda kituoni kwa sababu yeye ndiye anayeonekana kwenye picha. Ningependa kuona sheria inayomtaja waziwazi kama aliyetendewa. Uganda ilipita njia hiyohiyo: sheria yake ya 2014 ya kupinga ponografia iliwaweka wanawake waliovujishiwa picha kwenye hatari ya kukamatwa wao, mpaka Mahakama ya Katiba ilipobatilisha baadhi ya vifungu vyake Agosti 2021.

Je, wajua kwamba wavulana ni windo pia? Julai 2024 Meta, kampuni mama ya Facebook, ilifuta akaunti 63,000 za Instagram nchini Nigeria zilizokuwa zikijaribu kuwatapeli watu, wengi wao wanaume, kwa vitisho vya picha za utupu. Mtindo ni uleule: msichana mrembo asiyejulikana, mazungumzo matamu usiku, "nitumie na wewe", na dakika chache baadaye orodha ya ndugu zako na neno "lipa". Ukilipa mara moja umeshawaonyesha kwamba unalipika.

Na simu zenyewe zina kinga: tangu mwisho wa 2021 iPhone ya mtoto inaweza kufifisha picha ya utupu kabla hajaiona, na Aprili 2024 Instagram ilitangaza kinga kama hiyo kwenye ujumbe wa vijana. Zote mbili zinafanya ukaguzi ndani ya kifaa. Ile picha ya WhatsApp ya "tazama mara moja" haikubali skrinshoti, lakini simu ya pili mezani inaweza kuipiga picha.

Je, wajua kwamba walio chini ya miaka 18 wana huduma yao? Ni Take It Down ya NCMEC, iliyoanza Februari 2023, kwa njia ileile ya heshi na bila kutaja jina. Hata aliyekwisha kuwa mtu mzima anaweza kuitumia kama picha ilipigwa akiwa mtoto. Kwa Kenya na Tanzania, mtoto au mzazi anaweza pia kupiga 116 bure, na Kenya 1195 inapokea kesi za ukatili wa kijinsia. Mzazi, mwalimu, mjomba: ukikuta picha ya mtoto kwenye grupu, usiitume kwingine "ili watu wamjue aliyefanya". Hata kwa nia njema, unaisambaza. Andika jina la grupu, namba ya aliyeituma, tarehe na saa, kisha toa taarifa.

Na je, wajua kwamba Marekani, nyumbani kwa nyingi ya kampuni hizi, sasa ina kikomo cha saa? Sheria iliyotiwa saini 19 Mei 2025 inafanya kuchapisha picha za faragha bila ridhaa, pamoja na dipufeki, kuwa kosa la jinai, na inayataka majukwaa yaziondoe ndani ya saa 48 baada ya kupokea ombi halali. Yalipewa mwaka mmoja, hadi 19 Mei 2026, kuweka utaratibu wa kupokea maombi hayo.

La mwisho, na ndilo ningetamani lifike mbali kuliko mengine yote: je, wajua kwamba si lazima usubiri picha ivuje? Aliyetishiwa leo jioni, "usiponirudia naziachia", anaweza kuingia StopNCII usiku huohuo, kabla mwenzake hajapandisha chochote. Kwanza asifute meseji za vitisho. Azipige skrinshoti zikiwa na namba na tarehe, maana ndizo ushahidi wa polisi. Kisha afungue tovuti, ajibu maswali machache, achague picha, asubiri simu itengeneze heshi. Mwishoni atapewa namba ya kesi na namba ya siri ya kufuatilia. Mfumo haukai na jina lake, kwa hiyo akizipoteza haziwezi kurudishwa. Aziandike kwenye karatasi, mahali ambapo mtu huyo hafiki.